Damu Kuganda Baada ya Upasuaji: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Mgonjwa anapoandaliwa kwa operesheni huelezwa sana kuhusu nusukaputi, kisu na kidonda. Suala la damu kuganda ndani ya mishipa hupewa sentensi moja, tena mara nyingi siku ya kuruhusiwa, wakati akili yake iko kwenye safari ya kurudi nyumbani. Majibu haya ni ya mgonjwa huyo na ndugu anayemuuguza. Hayachukui nafasi ya maelekezo ya daktari wako, anayeijua historia yako.

Damu kuganda si ndiko kunakotuokoa tusivuje damu mpaka kufa? Tatizo liko wapi?

Ni kweli, na bila hilo upasuaji usingewezekana kabisa. Mshipa ukikatwa, chembe sahani hukimbilia palipopasuka, protini za damu zinafuata, na tundu linazibwa. Tatizo huja kazi hiyohiyo inapofanyika pasipo na tundu la kuziba, hasa ndani ya vena kubwa zilizozama katikati ya misuli ya mguu, pajani au kwenye nyonga. Donge likijijenga humo, damu inayotakiwa kurudi kwenye moyo inakosa njia.

Donge likibaki mguuni, mguu unavimba na kuuma. Balaa ni pale kipande chake kinapomeguka. Kinapanda na damu, kinapita upande wa kulia wa moyo, kisha kinakwama kwenye mishipa ya mapafu. Kikiwa kidogo, mgonjwa anahisi kichomi na pumzi fupi. Kikiwa kikubwa, moyo unashindwa kusukuma damu na mtu anaweza kufariki kwa dakika chache, wakati mwingine bila hata kuwahi kulalamika kuhusu mguu.

Kwa nini upasuaji hasa ndio uwe chanzo?

Donge ndani ya vena huchochewa na mambo matatu, ambayo mpaka leo yanahusishwa na jina la Rudolf Virchow, daktari wa Kijerumani wa karne ya 19: damu kutuama, ukuta wa mshipa kuumia, na damu yenyewe kuwa rahisi kuganda. Upasuaji mkubwa huleta yote matatu kwa mpigo.

Ukiwa macho na unatembea, misuli ya shavu la mguu hubana vena kila unapopiga hatua na kuisukuma damu juu. Ukiwa umelala mezani chini ya nusukaputi, misuli hiyo imelegea kabisa na damu inatuama. Kisu na vifaa vya upasuaji vinavuta na kukandamiza mishipa. Halafu mwili, ambao hautofautishi kisu cha daktari na panga la mshambuliaji, hupandisha kiwango cha protini za kugandisha damu na kukiacha juu kwa siku nyingi.

Ni upasuaji gani wenye hatari kubwa zaidi?

Kubadilisha nyonga au goti, kuunga mfupa wa nyonga au paja uliovunjika, upasuaji mkubwa wa tumbo na nyonga (hasa wa saratani), na upasuaji kwa majeruhi aliyeumia sehemu nyingi. Muda nao una uzito: miongozo ya Uingereza huhesabu kuwa hatari ni kubwa pale nusukaputi na upasuaji vikizidi dakika 90 kwa pamoja, au dakika 60 kama ni upasuaji wa nyonga au mguu.

Kutoa uvimbe mdogo chini ya ngozi kwa ganzi ya mahali na kwenda nyumbani kwa miguu yako ni jambo jingine kabisa. Huko kinga kubwa ni kutembea.

Na mimi mwenyewe, nitajuaje kama niko kwenye kundi la hatari?

Hospitali nyingi hutumia fomu ya alama. Mojawapo inayotumika sana ni ya Caprini: mgonjwa mwenye umri wa miaka 61 hadi 74 anapata alama 2, aliyewahi kupata donge anapata 3, anayebadilishiwa nyonga au goti anapata 5 moja kwa moja. Alama zinajumlishwa, na kuanzia 5 kwenda juu mtu huhesabiwa kuwa na hatari kubwa.

Udhaifu wa fomu ni kwamba inajua kile tu ulichosema. Wagonjwa wengi hawataji mambo ambayo kwao hayana uhusiano na operesheni. Kwa hiyo taja bila kuulizwa kama uliwahi kuvimba mguu mmoja ukapewa dawa kwa miezi, hata kama ni zamani. Taja kama mzazi wako, ndugu yako wa tumbo moja au mtoto wako aliwahi kupata donge, maana kuna hitilafu za kurithi zinazofanya damu igande upesi. Saratani, ugonjwa wa siko seli, ujauzito au kujifungua hivi karibuni, unene uliopitiliza, uvutaji sigara, kupooza mguu, mishipa ya miguuni iliyovimba na kujikunja, vidonge vyenye estrojeni: vyote hivyo daktari anavihitaji kabla ya kukuandikia chochote.

Usisahau kutaja na upande wa pili, yaani mambo yanayokufanya uvuje damu kirahisi: vidonda vya tumbo vilivyowahi kutoka damu, ini bovu, figo dhaifu, kiharusi cha kuvuja damu kichwani. Uamuzi wa kinga hufanywa kwa kupima pande zote mbili.

Hatari hii inaanza lini, na inaisha lini?

Kama ungeweza kusoma jibu moja tu katika ukurasa huu, ningependa liwe hili.

Kuganda kunaweza kuanza mgonjwa akiwa bado mezani. Lakini donge huchukua muda kukua, na dalili nyingi hujitokeza siku au wiki kadhaa baadaye. Kwa upasuaji mkubwa, wiki ya pili na ya tatu ndizo zenye matukio mengi, na hatari hubaki juu ya kawaida hadi takribani wiki 12. Linganisha hilo na muda wa kulala wodini, ambao siku hizi unaweza kuwa siku mbili au tatu tu. Maana yake ni kwamba kipindi kibaya zaidi kinakukuta nyumbani, ambako hakuna muuguzi wa kukuamsha utembee wala wa kukuletea sindano kila jioni.

Kwa maoni yangu, swali muhimu kuliko yote siku ya kuruhusiwa ni hili: "Kinga yangu inaisha tarehe ngapi?" Omba tarehe yenyewe, iandikwe kwenye karatasi. "Endelea mpaka utakapokuwa sawa" si jibu. Kwa kukupa picha ya muda: baada ya kubadilishiwa nyonga, dawa huendelea hadi siku 35, baada ya goti mara nyingi ni kama siku 10 hadi 14, baada ya upasuaji mkubwa wa saratani iliyo ndani ya tumbo au fupanyonga, wiki 4. Upasuaji mwingine mwingi wa tumbo huhitaji siku 7 hadi 10 hivi. Ukiambiwa huhitaji dawa kabisa ukiwa nyumbani, hilo nalo ni jibu halali, ilimradi uwe umeuliza na umeelezwa sababu.

Dalili za donge mguuni ni zipi? Miguu yote huvimba kidogo baada ya operesheni.

Cha kuangalia ni tofauti kati ya mguu na mguu. Miguu yote miwili ikivimba sawasawa, mara nyingi ni maji uliyoongezewa wodini au kukaa muda mrefu bila kuinua miguu. Mguu mmoja ukiuzidi mwenzake, shavu lake likawa gumu na linauma ukiligusa au ukisimama, ngozi ikawa ya moto, imebadilika rangi au inang'aa kwa kunyooka, hiyo ni sababu ya kwenda hospitali siku hiyohiyo. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri, basi tegemea zaidi joto, maumivu na ukubwa. Chukua utepe wa fundi cherehani, pima shavu la kila mguu mahali pamoja, sentimita 10 chini ya goti. Tofauti ya sentimita 3 au zaidi ni ishara ambayo daktari ataichukulia kwa uzito.

Aliyepasuliwa goti au nyonga ana kazi ngumu zaidi, kwa sababu mguu uliopasuliwa huvimba kwa kawaida yake. Hapo angalia mwenendo: uvimbe wa kidonda unatakiwa kupungua siku zinavyokwenda, hasa asubuhi baada ya kulala umeinua mguu. Uliokuwa unapungua halafu ukageuka kuongezeka unahitaji kuonwa.

Mkono nao unaweza kupata donge, hasa kama uliwekewa mrija mrefu wa dawa shingoni au mkononi.

Na dalili za donge lililofika kwenye mapafu?

Kukosa pumzi kwa ghafla, au pumzi kuwa fupi kwa kazi ambayo jana uliimudu. Kichomi kinachozidi ukivuta pumzi ndani. Moyo kwenda mbio umekaa tu. Kukohoa makohozi yenye damu. Kizunguzungu au kuzimia.

Usingoje mpaka dalili zote zije. Mtu aliyepasuliwa ndani ya miezi mitatu iliyopita akikosa pumzi ghafla, anapelekwa kitengo cha dharura wakati huohuo, na neno la kwanza kumwambia mhudumu ni tarehe ya upasuaji. Wagonjwa wa namna hii wakati mwingine hutibiwa nimonia au kuambiwa ni wasiwasi kwa sababu tu hakuna aliyetaja operesheni.

Mguu umekaza na unauma. Niukande kwa maji ya moto na mafuta?

Hapana. Mguu uliovimba upande mmoja baada ya upasuaji haukandwi, hausuguliwi, wala haufungwi kitambaa cha kubana mpaka upimwe. Ukikanda unaweza kulimegua donge na kulisafirisha. Najua ndivyo ndugu wengi wanavyoonyesha upendo, na mgonjwa hupata nafuu ya muda. Mwambie anayekuuguza mapema, kabla hajashika chupa ya mafuta.

Natakiwa kuanza kutembea lini?

Mapema kadiri timu yako inavyoruhusu. Kwa upasuaji mwingi ni siku hiyohiyo jioni au kesho yake asubuhi. Mara ya kwanza usisimame peke yako: kaa ukingoni mwa kitanda, ning'iniza miguu, subiri kichwa kitulie, halafu inuka ukiwa umeshikwa. Safari fupi nyingi zina faida kuliko moja ndefu ya kukuchosha.

Ukiwa kitandani, zungusha vifundo vya miguu, vuta vidole vya miguu kuelekea kwako kisha visukume mbele, mara kumi hivi kila saa ukiwa macho. Unapofanya hivyo utahisi shavu la mguu likikaza na kulegea. Kukaza huko ndiko kunakosukuma damu. Kunywa maji ya kutosha kama hujazuiwa. Usikunje miguu kwa kukaa umeipandanisha, wala usiweke mto chini ya magoti usiku kucha.

Tahadhari moja: kutembea hakuchukui nafasi ya dawa kwa aliyeandikiwa dawa. Wapo wanaoacha sindano kwa sababu "mbona natembea vizuri". Mtu wa hatari kubwa anahitaji vyote viwili.

Soksi za kubana zinasaidia kweli? Na ile mashine inayominya miguu?

Soksi zinasaidia kiasi, zikiwa za kipimo sahihi na zimevaliwa sawasawa. Soksi iliyojikunja chini ya goti hugeuka kamba na kufanya kinyume cha kilichokusudiwa. Zivuliwe angalau mara moja kwa siku ili ngozi ioshwe na kukaguliwa, hasa kwenye visigino. Mwenye mishipa ya ateri iliyoziba miguuni, ganzi kali ya miguu kutokana na kisukari, au vidonda vya ngozi hapaswi kuzivaa bila daktari kumchunguza. Siku hizi baadhi ya hospitali hazizitumii sana kwa mgonjwa anayepata dawa, kwa kuwa faida ya ziada ni ndogo.

Mashine ni bora kuliko soksi. Mifuko ya hewa hufungwa miguuni, hujaa na kupungua kwa zamu, ikifanya kazi ya misuli iliyolala. Ndiyo tegemeo la mgonjwa ambaye dawa zingemvujisha damu, kwa mfano aliyepasuliwa ubongo. Inafanya kazi ikiwa imewashwa tu, na wagonjwa wengi huizima usiku kwa sababu ya kelele au joto. Kama inakusumbua, mwambie muuguzi airekebishe badala ya kuichomoa.

Hizo sindano za tumboni ni za nini hasa?

Nyingi ni za jamii ya heparini, na inayojulikana zaidi ni enoksaparini, kwa kawaida miligramu 40 mara moja kwa siku kwa mtu mwenye figo nzima. Haziyeyushi donge lililokwisha kuwepo. Zinazuia jipya lisijengeke na la zamani lisikue, huku mwili wenyewe ukifanya kazi ya kulimaliza taratibu.

Heparini ilianza kugunduliwa mwaka 1916 huko Marekani, lakini matumizi yake ya kinga yalipata nguvu kubwa mwaka 1975, jarida la Lancet lilipochapisha utafiti wa nchi kadhaa uliohusisha wagonjwa 4,121 wa upasuaji mkubwa. Kati ya waliokosa heparini, 16 walikufa kwa donge la mapafu lililothibitishwa kwa kupasua maiti; kati ya waliopewa dozi ndogo ya heparini, walikufa 2. Tofauti hiyo ndiyo iliyofanya sindano hizi ziwe sehemu ya kawaida ya wodi za upasuaji.

Nimepewa sindano nikajidunge nyumbani. Nafanyaje?

Muuguzi akuonyeshe, kisha wewe au ndugu yako adunge mbele yake angalau mara moja kabla hamjaondoka. Maelezo ya mdomo peke yake hayatoshi.

Nawa mikono. Kaa umeegemea au ulale, uweze kuliona tumbo. Chagua ubavu wa tumbo, si chini ya sentimita 5 kutoka kitovuni na mbali na mshono. Leo kulia, kesho kushoto. Safisha ngozi, iache ikauke. Vuta kifuniko cha sindano moja kwa moja bila kukizungusha. Utaona kiputo kidogo cha hewa ndani ya bomba lililojazwa kiwandani: kiache, usikitoe, kwa sababu ukikisukuma nje unapoteza sehemu ya dawa, na hakina madhara kwenye mafuta ya ngozi. Finya ngozi kwa kidole gumba na cha shahada upate mkunjo mnene, ingiza sindano yote ikiwa imesimama wima juu ya mkunjo, sukuma dawa polepole mpaka mwisho. Chomoa, kisha ndipo uachie mkunjo. Gandamiza kidogo kwa pamba, usisugue. Kusugua ndiko kunakoacha mabaka makubwa ya kuvilia damu.

Baka dogo la rangi ya zambarau ni kawaida. Sindano zilizotumika ziingie kwenye chombo kigumu chenye mfuniko, mbali na watoto, na zirudishwe hospitali. Dunga saa ileile kila siku. Ukisahau, dunga unapokumbuka. Kama muda wa dozi inayofuata umekaribia, ruka uliyoisahau. Usidunge mbili kwa pamoja hata siku moja.

Kuna vidonge badala ya sindano?

Kuna. Rivaroksabani na apiksabani hutumika sana baada ya kubadilisha nyonga au goti: ya kwanza miligramu 10 mara moja kwa siku, ya pili miligramu 2.5 mara mbili. Havifai kila mtu, hasa mwenye figo au ini bovu sana, mjamzito, au anayetumia baadhi ya dawa za kifua kikuu, kifafa, fangasi na virusi vya UKIMWI, kwa kuwa dawa hizo huzipandisha au kuzishusha nguvu mwilini. Taja kila kidonge unachomeza.

Aspirini nayo ina nafasi yake kwenye upasuaji wa mifupa, ambako tafiti za karibuni zimeonyesha inafanya vizuri kuliko ilivyodhaniwa. Huo hata hivyo ni uamuzi wa daktari wa mifupa kwa mgonjwa aliyemchagua. Aspirini uliyonunua mwenyewe dukani, juu ya sindano ulizoandikiwa, inaongeza kuvuja damu tu.

Nimesikia heparini inatokana na nguruwe.

Ni kweli, heparini nyingi zinazotumika leo, pamoja na enoksaparini, hutengenezwa kutokana na utando wa utumbo wa nguruwe. Kama hilo linagusa imani yako, sema mapema, wala usione aibu. Fondaparinuksi hutengenezwa maabara bila mnyama, na vidonge nilivyovitaja pia havitokani na mnyama huyo. Viongozi wengi wa dini huruhusu dawa ya namna hii penye dharura na pasipo mbadala, lakini zungumza na wako. Kibaya ni kuikubali mbele ya daktari kisha kuitupa kimyakimya nyumbani.

Dawa ya kuzuia damu kuganda haitafanya kidonda changu kivuje?

Inaongeza uwezekano huo, ndiyo maana dozi ya kinga ni ndogo kuliko ya matibabu na huanza saa kadhaa baada ya upasuaji, damu ikishatulia. Kwa wagonjwa wengi wa hatari kubwa, hasara ya kutokupewa huwa kubwa kuliko ya kupewa.

Rudi hospitali haraka ukiona bandeji inaloa damu upya, choo cheusi kinachonata, mkojo mwekundu, kutapika damu, au maumivu makali ya kichwa yasiyo ya kawaida yako. Kwa maumivu ya kidonda, parasetamoli ni salama zaidi. Ibuprofeni na diklofenaki huongeza kuvuja damu zikichanganywa na dawa hizi, hivyo usizitumie kama hujaandikiwa.

Kuna tatizo adimu la heparini ambalo ni vizuri kulijua: mwili unaweza kuishambulia, chembe sahani zikashuka, na badala ya mtu kuvuja damu, damu yake ikaganda zaidi. Kwa kawaida hutokea kati ya siku ya 5 na ya 14. Ndiyo sababu wengine huitwa kupima damu katikati ya matibabu. Usikikose kipimo hicho.

Nitapewa ganzi ya mgongoni. Kuna shida na sindano hizi?

Shida ipo kwenye saa. Damu ikivujia karibu na uti wa mgongo inaweza kuukandamiza na kupoozesha miguu. Kwa hiyo ganzi ya mgongoni huchomwa baada ya kupita saa 12 hivi tangu dozi ya kinga ya enoksaparini. Mwambie daktari wa usingizi saa halisi ya sindano yako ya mwisho. Na baada ya operesheni, miguu ikiendelea kufa ganzi badala ya kuamka, au ganzi ikirudi baada ya kwisha, piga kelele hapohapo.

Niache vidonge vya uzazi wa mpango kabla ya upasuaji?

Vyenye estrojeni huongeza hatari, na kwa upasuaji mkubwa uliopangwa madaktari wengi hupendelea viachwe wiki 4 kabla. Vyenye projestini pekee kwa kawaida havina haja ya kuachwa. Usiache bila kupata njia nyingine kwanza. Mimba isiyotarajiwa nayo huongeza hatari ya kuganda, zaidi ya vidonge vyenyewe.

Upasuaji wa kujifungua unahesabika?

Unahesabika, na hauzungumzwi vya kutosha. Ujauzito wenyewe hufanya damu iwe rahisi kuganda, na wiki 6 za kwanza baada ya kujifungua ndizo zenye hatari kubwa kuliko miezi yote tisa. Upasuaji unaongeza juu yake, hasa wa dharura. Mama mwenye vihatarishi hupewa sindano kwa siku 10, na wa hatari kubwa kwa wiki 6. Heparini haimzuii kunyonyesha. Desturi ya kumlaza mzazi kitandani kwa wiki nyingi akihudumiwa kila kitu ina nia njema, ila mama huyu anahitaji kuinuka na kutembea kila siku.

Naweza kusafiri?

Safari fupi ya kurudi nyumbani haina shida. Safari ya kukaa zaidi ya saa 4 mfululizo, iwe ya basi, gari au ndege, iahirishwe wiki kadhaa kama inawezekana. Baada ya nyonga au goti bandia, madaktari wengine hushauri ndege za masafa marefu zisubiri hadi miezi mitatu. Kama ni lazima, omba ushauri wa dawa, shuka au inuka utembee kila baada ya saa moja au mbili, na keti upande wa njia.

Donge likigundulika, nini hufuata?

Mguu hupimwa kwa ultrasaundi: mpimaji hukandamiza vena, na ile isiyobonyea ina donge. Mapafu hupimwa kwa CT baada ya kuchomwa dawa ya kung'arisha mishipa. Kuna kipimo cha damu cha D-dimeri, lakini baada ya upasuaji huwa juu kwa karibu kila mtu, kwa hiyo kikiwa juu hakithibitishi kitu.

Matibabu ni dawa zilezile kwa dozi kubwa zaidi, kwa muda usiopungua miezi 3. Wengi hutibiwa wakiwa nyumbani. Donge kubwa la mapafu linaloshusha presha huhitaji uangalizi mkali, na dawa za kuyeyusha hutumiwa kwa hofu kubwa kwa mtu mwenye kidonda kibichi. Wakati mwingine donge huvutwa kwa mrija au kwa upasuaji. Asiyeweza kabisa kupewa dawa anaweza kuwekewa kichujio kwenye vena kuu ya tumboni, ambacho hutakiwa kutolewa hatari ikipita. Uliza nani atakitoa na lini, maana visivyofuatiliwa husahaulika humo.

Kuna vyakula vya kuepuka?

Kwa sindano na vidonge vipya (rivaroksabani na apiksabani), hapana. Kwa warfarini, kidonge cha zamani cha kuzuia damu kuganda, kula mboga za majani kwa kiasi kilekile wiki hadi wiki. Zina vitamini K, inayopingana na dawa, na kinachovuruga vipimo ni kubadilisha ghafla. Dawa za mitishamba, na vidonge vya tangawizi au kitunguu saumu vya dozi kubwa, viachwe mpaka umalize.

Mguu utarudi kama zamani?

Kwa wengi, ndiyo au karibu na hapo. Lakini kati ya wagonjwa 100 waliopata donge la mguu, 20 hadi 50 hubaki na usumbufu wa muda mrefu: mguu mzito jioni, uvimbe, ngozi kuwa nyeusi juu ya kifundo, na kwa wachache kidonda kisichopona. Kutembea, kupunguza uzito na kuinua mguu hupunguza adha. Pumzi ikiendelea kuwa fupi miezi mitatu baada ya donge la mapafu, rudi ukapimwe moyo.

Nilipata donge miaka iliyopita na sasa natakiwa kupasuliwa tena. Inawezekana?

Inawezekana, ikipangwa. Kama donge halijatimiza miezi 3, upasuaji usio wa haraka huahirishwa. Kama bado unatumia warfarini, kawaida husimamishwa siku 5 hivi kabla; vidonge vipya siku 1 hadi 3, kutegemea figo na ukubwa wa operesheni. Usisimamishe kwa uamuzi wako, na usipande mezani ukiwa umemeza kwa kuogopa kusema. Kwenye miadi ya kwanza kabisa nenda na karatasi za matibabu yale, ili daktari aone tarehe, mguu uliohusika, dawa uliyopewa na muda ulioitumia.